Siku Tulipoacha Kukuhepa

Wafula mwanangu,

Barua hii utasomewa na Anti Ruth, mlezi wa nyumba unayohamia, kwa hivyo yeye ndiye ninayemsalimia kwanza. Anti, soma polepole, na akikuambia basi, acha hapo hapo, mtaendelea siku nyingine. Na wewe Wafula, kama wenzako wa nyumba hiyo wako mezani, amua mwenyewe kama wasikie au waende kwanza kulisha kuku. Barua ni yako. Kwa miaka mingi watu wamezungumza juu yako mbele yako kana kwamba wewe ni meza, mimi nikiwa wa kwanza, na leo nataka kuzungumza na wewe.

Nimefunga duka langu la kinyozi mapema, jua bado liko, na nimekaa kwenye kile kiti cha wateja kinachozunguka. Kesho asubuhi unaondoka. Mama yako yuko nyumbani anakunja nguo zako, na wewe unazikunjua uzikunje upya kwa sababu unasema hakunji vizuri. Nimewaacha mzozane. Mambo ya mswaki na sweta na kuvaa soksi ameshakuambia yeye, tena ameyarudia hadi mimi mwenyewe nimeanza kupiga mswaki mara mbili. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukueleza jinsi tulivyokujua, maana ilituchukua muda mrefu sana kukujua, na wewe ulikuwa hapo hapo siku zote.

Lakini nianze na hili, usije ukasinzia kabla hujalisikia: najivunia wewe. Najivunia hadi wateja wamechoka. Yule kijana wa bodaboda juzi aliniambia, "Buda, ni sawa, tumesikia Wafula anaenda, lakini angalia sikio langu." Nikaangalia sikio lake, kisha nikaendelea na habari zako.

Wewe ulikuwa mtoto wa kutazama mlango. Watoto wa ploti, jengo letu la kupanga, walitazama katuni kwa macho yote mawili, wewe uliziangalia kwa jicho moja, la pili liko mlangoni. Sisi tulisema ni tabia. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunakuhepa. Hapa mtaani Mowlem kila mzazi anahepa, usidhani ni sisi tu. Mtu anaenda kazini, mtoto atalia, basi unamwashia runinga, unampa andazi, unashika viatu mkononi na kutoka kwa ncha za vidole. Hakuna anayeona ni jambo. Mama yangu alinihepa mimi, nikakua, nikawa kinyozi.

Mama yako alikuwa akiacha viatu vyake kwa jirani yetu Mama Akinyi tangu jioni, ili alfajiri akienda soko la Muthurwa kuchukua nyanya zake za kuuza usisikie mlio. Mimi nilikuwa nakuambia naenda msalani. Mchana Mama Akinyi alikuangalia, na alikuwa akituambia umekaa tu, unatazama mlango wa msalani. Tulicheka, nakumbuka tulicheka. Ulikuwa unangoja baba yako atoke msalani, mwanangu, na mimi niko huku chini nanyoa watu.

Watoto wengine huzoea wakaacha. Wewe hukuzoea. Ukawa mrefu kunipita, ndevu zikaota, ukaimaliza shule ile ya watoto wanaojifunza polepole, ukarudi nyumbani. Ulijifunza kukunja taulo zangu za kinyozi vizuri kuliko mtu yeyote, na kufagia nywele, na kujua kila mteja anaitwa nani. Bado mlango ndio uliokuwa kazi yako kubwa. Ukimwona Mama anachukua mkoba, unasimama pale na kutandaza mikono. Na mtu wa kimo chako akitandaza mikono mlangoni, hakuna anayepita.

Halafu ikaja siku ya dirisha. Unaikumbuka, na sitaki uone aibu juu yake, nataka tu uijue kwa upande wangu. Nilikuhepa ukiwa unaoga. Ulipotoka ukakuta nyumba tupu. Ukavunja dirisha la sebule, ukashuka ngazi pekupeku hadi dukani, ukanishika shati likachanika, huku unalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Kwenye kiti kulikuwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Alikimbia na kitambaa changu shingoni, na hadi leo sijakiona kitambaa wala mteja.

Jioni mwenye ploti akaja. Si mtu mbaya yule, aliongea taratibu. "Baba Wafula, dirisha ni kioo tu. Lakini huyu sasa ni mwanaume mzima, siku moja ataumiza mtoto wa mtu. Mkitoka mfungieni ndani, au mtafute nyumba kwingine." Mjomba wako akapiga simu kutoka Bungoma na kusema umekuwa mkubwa, unatujaribu, unatakiwa uonyeshwe baba ni nani. Nami nilikubaliana naye. Niliona una kiburi. Kesho yake nikanunua kufuli.

Mama yako aliliangalia lile kufuli, akaliweka kwenye mkoba wake, akaondoka nalo. Hivi tunavyozungumza linafunga kibanda chake cha nyanya. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kuna mwanamke katika kituo kile wanakopima watu wenye ulemavu wa akili, na kwamba amemwomba aje.

Huyo ndiye Madam Halima. Unampenda, kwa hivyo sitakueleza alivyo. Lakini hujui nilivyompokea. Nilikuwa nimechoka na kupimwa kwako. Ukiwa mdogo walikupima akili kwa vijiti na picha, wakatuambia akili yako ni ya mtoto wa umri fulani, tukapanda ngazi tukarudi nyumbani na umri huo mkononi, na hakuna aliyetuambia tufanye nini nao. Kwa hivyo alipoketi na kusema, "Mimi sikuja kupima akili. Nataka kuona hisia zake zimekua hadi wapi," nilimjibu, "Madam, zimekua hadi zimevunja dirisha." Hakucheka. Alisema ndiyo maana amekuja.

Alikuja mara kadhaa. Hakuwa na vijiti. Alikunywa chai, akakaa, akauliza maswali ambayo mwanzoni niliyaona ya kipuuzi. Mkitoka anafanya nini? Mkirudi je, anakuja kuwapokea au anawageuzia mgongo? Akiumia anamwendea nani? Akikasirika, ni nini humtuliza, na inachukua muda gani? Mtu mwingine akilia, yeye anaona? Ana kitu anachokipenda hata hawezi kulala asipokuwa nacho? Alituuliza kila mmoja peke yake, mimi sebuleni, Mama jikoni, kisha akaweka majibu pamoja. Hapo ndipo nilipoingiwa na baridi. Kwa swali la ukiumia unamwendea nani, nilikuwa nimejibu kwamba wewe huumii ovyo. Mama alikuwa amejibu kwamba unamwendea Mama Akinyi. Sikuwa nimejua. Mimi ninayesoma nyuso za watu kwenye kioo kutwa nzima, najua nani amegombana na mkewe hata kabla hajakaa.

Kisha akakuuliza wewe. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukuuliza. Akasema, "Wafula, Mama akitoka, huwa yuko wapi?"

Ukasema, "Ameisha."

"Na Baba?"

"Baba pia ameisha."

Mama yako aliinuka akaenda jikoni kukoroga chai ambayo tulikuwa tumeshaimaliza. Sukari huisha. Gesi huisha. Huioni ikiondoka, unakuta tu hakuna, na hujui kama itarudi leo au mwisho wa mwezi. Miaka yote hiyo, kila asubuhi, wewe wazazi wako waliisha, na jioni ukashukuru kwamba wamepatikana, na kesho yake wakaisha tena. Kiburi kilikuwa wapi hapo? Ilikuwa ni hofu, mwanangu, na mimi nilikuwa nimeinunulia kufuli.

Siku aliyotueleza matokeo bado nilikuwa mkali. Alisema mwili wako ni wa mtu wa miaka ishirini na tatu, na mikono yako inafanya kazi za kijana, lakini katika jambo la kuachwa moyo wako uko pale alipo mtoto wa miaka miwili hivi, ambaye akiacha kumwona mtu anadhani hayupo tena duniani. Damu ilinipanda. Nikamwambia, "Huyu ana ndevu. Mimi mwenyewe ndiye ninayemnyoa. Usije nyumbani kwangu kumwita mwanangu mtoto wa miaka miwili."

Aliningoja nimalize. Akasema, "Baba Wafula, sikusema yeye ni mtoto. Ni mwanaume, na mzungumze naye kama mwanaume. Nimesema katika jambo hili moja anahitaji kile ambacho mtu wa hatua hiyo anahitaji. Hisia hazikui zote kwa pamoja. Kuna mahali amewapita." Akanikumbusha msiba wa Mama Akinyi, alipofiwa na dada yake. Sisi wakubwa tulijaa pale kwake tukimwambia anyamaze, ajikaze, ashukuru Mungu. Wewe ulimletea stuli, ukakaa sakafuni karibu naye, hukusema neno, hukuondoka hadi giza likaingia. Mama Akinyi mwenyewe ndiye aliyemsimulia Madam Halima. Alisema watu wote waliokuja siku ile amewasahau, isipokuwa wewe.

Ndipo akauliza swali ambalo nitakufa nalo. "Mkitoka, mnamuaga?"

Nikasema, "Tukimuaga atalia."

"Na msipomuaga?"

Mama yako ndiye aliyejibu. "Anavunja dirisha."

Sasa hii ndiyo sehemu ninayotaka uijue vizuri, kwa sababu wewe unakumbuka kilio chako na mimi nakumbuka changu. Kesho yake nilisimama mlangoni, viatu mguuni, nikakuambia naenda dukani na nitarudi kabla ya taarifa ya habari. Nikakuachia kofia yangu uishike, kama Madam alivyotufundisha, ili kuwe na kitu cha Baba ndani ya nyumba. Ulinishika mkanda. Ulilia, na mimi nikashuka ngazi nikikusikia hadi chini, na majirani wakatoa vichwa nje, na nikasema moyoni, huyu Madam amenidanganya, ni heri kuhepa. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Nilimwambia Mama siwezi. Akaniambia niweze.

Na hilo la kulia halikuwa gumu kuliko lile la kurudi. Nikikuhepa, nilirudi nilipotaka. Nikishakuambia saa, mimi ndiye niliyefungwa. Kinyozi hafungi duka wakati watu wametoka kazini, hiyo ndiyo saa yetu. Nikawa naangalia saa huku nanyoa. Wateja walikasirika. Kuna mmoja nilimwambia arudi kesho tumalizie nyuma, na alitembea mtaa mzima wa Umoja na kofia. Lakini taarifa ilipoanza nilikuwa mlangoni, na wewe ulikuwa umesimama na kofia yangu umeikunja kwenye ngumi, unanitazama kama mtu anayehakikisha bidhaa. Siku baada ya siku ulinihakikisha. Sijawahi kuaminiwa kwa shida namna ile, na sikuwahi kuona thamani ya kuaminiwa hadi nilipoitafuta kwako.

Nakumbuka asubuhi uliyonifungulia mlango. Hukulia. Ulisema, "Enda. Rudi." Nilifika ghorofa ya chini nikakaa kwenye ngazi kama mlevi.

Na ile jioni ya mvua, nilikuwa nimeenda mjini kununua mashine ya kunyolea, barabara ya Outering imefurika, simu yangu imezima, nikachelewa kweli kweli. Nilipanda ngazi mbio nikijua nitakuta vioo. Nilikukuta umekaa ngazini na Mama Akinyi, kofia iko magotini. Ukaniangalia usoni ukasema, "Baba, nimekasirika." Basi. Neno tu. Hakuna kilichovunjika. Nilikuomba msamaha palepale mbele ya jirani, nikiwa nimelowa chepechepe, na nilikuwa na furaha ambayo sikujua niipeleke wapi. Kwa wiki nzima kila aliyekaa kwenye kiti hiki aliambiwa kwamba Wafula amekasirika. Walinipongeza bila kuelewa.

Madam Halima alipokuja kukupima tena, alicheka mwenyewe mara hii. Alisema umepanda hatua. Alisema mtu akishajua kwamba aliyeondoka yupo mahali, anaanza kuwa na nafasi ya kufikiria mambo mengine. Na wewe ulikuwa umeshaanza. Ulimuuliza kuhusu nyumba ile ya upande wa Ruiru aliyowahi kuitaja, wanakoishi vijana kama wewe na kufuga kuku. Nilidhani unauliza habari za kuku. Ukasema, "Mimi nataka kukaa huko." Mama yako alidondosha kijiko. Nikamtazama Madam Halima nikitumaini atasema bado, hisia hazijafika. Akasema, "Amesema anataka. Twende akajaribu."

Hapa Anti Ruth, samahani, itabidi ujisome mwenyewe.

Siku ya majaribio tulifika, ukaonyeshwa kitanda, ukaonyeshwa banda la kuku, ukasahau sisi tupo. Anti Ruth akanivuta kando, akaniambia kwa moyo mzuri kabisa, "Baba, huu ndio wakati. Anaangalia kuku, nendeni tu polepole, hataona." Na miguu yangu ilianza kwenda, Wafula. Baada ya yote hayo. Ilikuwa rahisi na tamu, kama zamani. Nilikuwa nimeshafika getini, mlinzi amefungua, nilipoona Mama yako hayupo nyuma yangu. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mkoba begani, ananitazama, wala hakuniita.

Nikarudi. Nikaja hadi bandani nikakuambia, "Wafula, tunaenda sasa. Tutarudi Jumapili, tukitoka kanisani." Uso wako ulibadilika, niliuona. Midomo ilianza ile kazi yake ya kabla ya kilio. Nilijua ukinishika mkanda nitakurudisha nyumbani na sitakuleta tena, na nilikuwa karibu kuomba unishike. Ulikuwa na mayai mikononi. Ukayatazama, ukanitazama, ukapumua. Ukasema, "Haya. Mimi niko na kuku." Ukampa Mama mkono, ukanipa mimi, yai likiwa bado kwenye ule mwingine, na ukatusindikiza hadi getini. Wewe ndiye uliyetusindikiza. Anti Ruth alikuwa amesimama pale, amefunga mdomo kwa kiganja, na tangu siku hiyo ananiambia kwamba yeye hamhepi tena mtu yeyote katika nyumba hiyo. Na Jumapili tulirudi kukuchukua, kama tulivyosema.

Sina mawaidha mengi, mwanangu. Huko utakutana na watu watakaokuficha mambo ili usiumie, na watakuwa wanakupenda, kama sisi. Waambie wakuambie. Ukikasirika, sema, unajua kusema. Na ukiona mtu analia, fanya kama ulivyofanya kwa Mama Akinyi, usingoje kufundishwa na sisi tunaojua maneno.

Leo adhuhuri ulikuja hapa dukani nikunyoe kwa ajili ya safari. Ulikuwa umezunguka ploti nzima mlango kwa mlango ukiaga, hata kwa mwenye ploti, ambaye nasikia alikupa mkono akashindwa kuuachia. Ukakaa kwenye kiti hiki. Nilikuwa nimeshafika kidevuni, mashine inanguruma, uliponitazama kwenye kioo ukaniuliza, "Baba, kesho nikienda, utavunja kitu?"

Nilizima mashine nikajifanya natafuta mafuta. Madam Halima katika maswali yake yote alikuwa na lile la kama unaona mtu mwingine anapoumia. Hakuwa na la kama unaona kabla hajaumia. Nilirudi nikamaliza kidevu chako, na wewe ukasema ni sawa, ukanigonga begani, ukaenda kukunja nguo zako.

Sasa nakujibu. Sitavunja kitu. Asubuhi nitalia pale getini, na usinionee aibu, unajua kilio ni nini. Nikipanda ngazi zetu jioni na mlangoni hakuna mtu, nitamwambia Mama yako kwamba nimekasirika, naye ataniambia na yeye pia, tutakaa. Halafu asubuhi nitafungua duka. Nitakuwa hapa Mowlem, kwenye kinyozi, nanyoa vichwa vya watu, kila siku utakayonifikiria, hata kama hunioni. Na wewe utakuwa huko Ruiru na kuku wako, na mimi sitakuona, na itanibidi nijifunze kwamba upo.

Baba yako